Picha ya Nani? Historia ya Istilahi za Kupiga na Kupelekeana Picha, kwa Mifano ya Kasulu na Kibondo

1. Utangulizi

Katika kazi ya kuunda istilahi yapo maneno yanayomsumbua mtaalamu kwa sababu ni mageni, na yapo mengine yanayomsumbua kwa sababu ni mepesi mno. Neno "picha" ni la kundi hili la pili. Kila mtu analijua, na kwa hiyo ni wachache wanaojishughulisha kulichunguza. Lakini mfasiri anapoletewa fomu ya ridhaa, au ofisa anapotakiwa kuandika tangazo kuhusu picha zinazowekwa katika mtandao wa intaneti, ndipo anapogundua kwamba lililo zito si neno "picha" lenyewe, bali vitenzi vinavyoambatana nalo. Picha hupigwa, husafishwa, hutumwa, hurushwa, huwekwa, hutupiwa, husambazwa. Je, vitenzi hivi vina maana moja? Kama sivyo, tofauti zake ni zipi, na zimetoka wapi?

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya maneno hayo. Mifano mingi inatoka katika wilaya za Kasulu na Kibondo, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Sehemu hizi zimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, hapo ndipo Kiswahili cha Tanzania kinapokutana na Kiha, na Kirundi ambacho ni ndugu wa Kiha, na Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Pili, tangu miaka ya 1990 watu wengi wamepigwa picha huko na wageni wasiowajua, kwa madhumuni wasiyoyachagua wenyewe. Mahali kama hapo swali la picha ni ya nani, na nani ana haki ya kuipeleka wapi, linagusa maisha ya watu.

Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kinavyo tayari vitenzi vya kutosha kutenganisha mambo matatu: kumtumia picha mtu anayejulikana, kuiweka picha mahali pa wazi, na kuisambaza bila mpaka. Tukiyachanganya mambo hayo katika fomu, mafunzo na sheria zetu, anayeumia ni mtu aliyemo ndani ya picha.

2. Sanamu, taswira, picha

Kabla ya "picha" kuenea, Kiswahili kilikuwa na maneno mengine ya kutaja mfano wa kitu au kiumbe. Neno "sanamu", lenye asili ya Kiarabu, lilibeba maana pana katika karne ya 19: kinyago, mchoro, na kila mfano uliotengenezwa kwa mkono. Baadaye maana yake ilifinywa, na leo sanamu kwa wasemaji walio wengi ni kitu chenye umbo, kilichochongwa au kufinyangwa. "Taswira", nalo la Kiarabu, lilibaki katika lugha ya kishairi na hatimaye likachukuliwa na wahakiki wa fasihi, ambao kwao taswira ni picha inayojengwa na maneno akilini mwa msomaji. "Sura" ilibaki na kazi zake nyingi, tangu uso wa mtu hadi mlango wa kitabu.

Nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na "picha", neno lililotoka katika Kiingereza. Lilifuata biashara mpya. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 walikuwako Zanzibar wapiga picha wenye studio, miongoni mwao A. C. Gomes, aliyekuwa na asili ya Goa. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na studio hiyo ikapata kuwa hazina kubwa ya picha za maisha ya Zanzibar. Kutoka pwani kazi hii ilifuata reli na barabara kuingia bara, na neno likaifuata kazi.

Jambo la kuvutia zaidi ni kitenzi kilichochaguliwa. Waingereza na Wafaransa husema kwamba mtu "huchukua" picha. Waswahili walisema "hupiga". Hapa "piga" haina maana ya kuumiza. Ni kitenzi kisaidizi cha zamani kinachogeuza jina kuwa tendo. Mtu hupiga hodi, hupiga pasi, hupiga chapa, hupiga kura, hupiga simu. Aliyelisema neno hili kwa mara ya kwanza hakutafsiri. Aliipa kazi mpya nafasi katika orodha ya kazi ambazo lugha ilikuwa imekwisha kuzizoea. Kwa hiyo wafasiri wanaoandika siku hizi "kuchukua picha", kwa kufuata Kiingereza, wanaleta muundo wa kigeni mahali ambapo hapakuwa na upungufu. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Tena kuna jambo lililojificha katika matumizi ya kawaida ya kitenzi hiki. Mtu aliyekwenda studio, akaketi mbele ya pazia, akapigwa picha na fundi, akirudi nyumbani husema, "Nimepiga picha." Haoni haja ya kusema "nimepigwa". Watu wawili wakisema "tupige picha", maana yake ni kwamba wote wawili watasimama mbele ya kamera, na huenda kamera yenyewe ikashikwa na mtu wa tatu. Katika matumizi hayo mtenda si fundi peke yake. Yule anayeonekana pichani naye ni mtenda: yeye ndiye aliyeamua, aliyevaa, aliyelipa, na yeye ndiye mwenye picha. Kauli ya kutendwa, "alipigwa picha", huja zaidi pale mtu anapopigwa bila kupanga, au anapopigwa na ofisi. Tofauti hii ndogo ya sarufi itatufaa hapo mbele.

3. Picha ya karatasi

Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini miji ya Kasulu na Kibondo iko mbali na reli hiyo, juu katika nyanda zenye mvua na baridi. Kwa miaka mingi Waha walisafiri kutoka huko kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na habari kati ya waliokwenda na waliobaki zilipita kwa barua au kwa mdomo wa msafiri. Picha ya karatasi ilipopatikana kwa urahisi, ilifuata njia zilezile. Iliwekwa ndani ya bahasha pamoja na barua, au ilikabidhiwa kwa mtu anayerudi nyumbani, na mara nyingi nyuma yake iliandikwa tarehe, mahali, na maneno machache ya kumwomba mpokeaji aihifadhi kuwa ukumbusho.

Istilahi za wakati huo zilitokana na kazi ya mikono. Filamu iliitwa "mkanda". Kuutoa mkanda katika kamera na kuupitisha katika dawa ndani ya chumba cha giza kuliitwa "kusafisha", na neno hilo likaenea hata likawa na maana ya kupata picha ya karatasi. Leo kijana wa Kasulu anayetaka picha iliyomo katika simu yake itolewe kwenye karatasi huenda dukani "kusafisha picha", ingawa hapana maji, hapana dawa, wala hapana giza. Neno limeishi kuliko ufundi uliolizaa, na hii ni dalili njema, kwa maana neno lililokwisha kukaa katika vinywa vya watu halihitaji kulindwa na kamusi.

"Picha ya paspoti" ni mfano mwingine. Walio wengi katika waliopiga picha za namna hiyo hawakupata kumiliki pasipoti. Walizihitaji kwa fomu za shule, maombi ya kazi na vitambulisho. Jina la waraka mmoja likawa jina la kipimo cha picha, na tangu hapo likaashiria picha ya ofisi, yaani ile ya uso mtupu usiocheka, inayodai kumthibitisha mtu.

Picha za nyumbani zilikuwa na desturi nyingine. Katika nyumba nyingi za Tanzania mgeni aliyekaribishwa aliletewa albamu aitazame wakati akisubiri chakula. Mwenyeji aliketi karibu akieleza: huyu ni mjomba, hapa ni siku ya kipaimara, huyu sasa ni marehemu. Tunapenda kusisitiza jambo hili kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kushirikiana maisha ya kila siku kwa picha kabla ya intaneti. Picha ilitembea pamoja na msimulizi wake. Aliyeitazama alijulikana, na mwenye picha aliweza kuifunga albamu na kuirudisha kabatini.

4. Kambi, orodha na kutafutana

Kuanzia miaka ya 1990 historia ya picha katika nyanda hizi ilichukua sura nyingine. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa mwezi Oktoba 1993, wakimbizi wengi waliingia Mkoa wa Kigoma. Kambi zikafunguliwa, zikiwamo Mtabila na Muyovosi katika Kasulu, na Kanembwa, Mtendeli na Nduta katika Kibondo. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, katika Kasulu, ilifunguliwa kwa ajili ya waliokimbia vita vya Kongo, walio wengi kutoka Kivu ya Kusini. Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 yakaleta wimbi jipya: Nyarugusu ikajaa, Nduta ikafunguliwa upya mwaka huohuo, na Mtendeli ikafuata mwezi Januari 2016, wakati huo ikiwa ndani ya wilaya mpya ya Kakonko iliyomegwa kutoka Kibondo. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021.

Katika kambi hizo zilikutana aina tatu za picha, na yafaa tuzitenganishe.

Aina ya kwanza ni picha ya orodha. Aliyeandikishwa alipigwa picha, na picha hiyo ikaungana na namba yake na ya jamaa yake. Hii ni ndugu wa picha ya paspoti. Hapa kauli ya kutendwa ndiyo inayofaa: mtu alipigwa picha.

Aina ya pili ni picha ya habari na ya kuomba misaada. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti miongoni mwa wakimbizi wa Kirundi waliokuwa Tanzania katika miaka ya 1980, aliandika mwaka 1996 kwamba picha za namna hiyo huelekea kumfanya mkimbizi kuwa mtu asiye na jina wala historia: mwanamke na mtoto, umati wa watu, macho makubwa. Mtazamaji wa mbali huambiwa kwamba hiyo ni "picha ya mkimbizi". Haambiwi kwamba mwanamke yule alikuwa mwalimu, au kwamba mtoto yule ana jina la babu yake.

Aina ya tatu ni picha ya kutafutana. Msalaba Mwekundu umekuwa ukifanya kazi ya kuwaunganisha jamaa waliopoteana, na ujumbe wake maarufu ni ile barua ya wazi inayobeba habari za familia peke yake. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995, nayo ilitumikia wakimbizi wa ukanda huu, ambako redio ilibeba majina ya waliotafutwa. Katika nchi za Maziwa Makuu, baada ya maafa ya mwaka 1994, picha za watoto waliotengana na wazazi zilionyeshwa hadharani ili mzazi apate kumtambua mwanawe. Kuanzia mwaka 2013 Msalaba Mwekundu uliendesha huko Ulaya utaratibu ambao ndani yake picha inayowekwa wazi ni ya yule anayetafuta, si ya yule anayetafutwa, na jina halitajwi. Aliyepotea hawezi kuulizwa kama anakubali. Anayetafuta anaweza. Utaratibu huo umejengwa juu ya ridhaa.

Tazama basi uzito wa kile kiunganishi chetu kidogo cha "-a". Tunaposema "picha ya Neema", maana zake ni tatu: picha inayomwonyesha Neema, picha aliyoipiga Neema, na picha inayomilikiwa na Neema. Katika albamu ya nyumbani maana ya kwanza na ya tatu huelekea kuwa kitu kimoja. Katika picha ya orodha na picha ya habari maana hizo zimeachana: inayemwonyesha siye anayeimiliki. Lugha haikubadilika, kilichobadilika ni uhusiano wa watu na picha zao. Ndiyo sababu mfasiri hapaswi kuandika "picha yako" katika fomu bila kueleza ni kwa maana ipi.

Jambo la lahaja nalo halina budi kutajwa. Warundi walikuja na "ifoto" na kitenzi "gufotora", vilivyotoka katika Kifaransa. Wakongo wengi walikuja na Kiswahili kinachotumia "foto". Maofisa wa Tanzania walisema "picha". Mwalimu aliyefundisha kambini aliyasikia yote matatu katika asubuhi moja. Msamiati wa kutumikia mahali kama hapo hauwezi kudai kwamba "foto" ni kosa. Unaweza tu kushikilia "picha" katika maandishi rasmi na kuiacha "foto" iendelee na kazi yake vinywani.

5. Picha katika simu

Mabadiliko ya tatu yaliletwa na simu na intaneti. Mwezi Septemba 2005 mpiga picha wa magazeti Muhidin Issa Michuzi alianza kuweka mtandaoni picha za Watanzania katika shughuli zao: harusi, misiba, safari, mikutano, watu wa mitaani. Watanzania walioishi ng'ambo walizitazama kama walivyokuwa wakiitazama albamu ya nyumbani. Mwezi Juni 2009 Facebook ilipata sura ya Kiswahili, na mwaka huohuo mkongo wa kwanza wa baharini, SEACOM, ulifika Dar es Salaam. Baada ya hapo simu zenye kamera zilishuka bei, na picha ikaacha kuwa shughuli ya siku maalumu. Ilikuwa tendo la sikukuu. Sasa ikawa tendo la kila siku: sahani ya ugali na migebuka, mtoto aliyevaa sare mpya, migomba iliyolala baada ya mvua ya mawe.

Katika Kasulu na Kibondo mabadiliko haya yalikuwa na maana ya pekee. Kuanzia miaka ya 2010 Wakongo wengi wa Nyarugusu walihamishiwa Marekani. Familia moja ikawa na watu kambini, watu Fizi au Uvira, na watu katika miji ya Marekani ambako theluji huanguka. Picha iliyopigwa asubuhi upande mmoja ilionekana upande wa pili kabla ya jua kutua. Mama alimwona mjukuu ambaye hajapata kumshika. Bahasha ya zamani ilirudi, ila sasa haikuhitaji msafiri wa kuibeba.

Maneno yalifuata upesi. Vijana waliokaa karibu waliambiana "nirushie picha", kwa kuazima kitenzi ambacho redio na televisheni zilikuwa zimekitumia kwa matangazo. Aliyeko mbali aliambiwa "nitumie". Kuiweka picha mahali pa kuonwa na wengi kukaitwa "kutupia", neno ambalo mitaani hutumika pia kwa mtu aliyevaa akapendeza. Yakaja "kuposti" na "kushea", maneno ya Kiingereza yaliyovikwa viambishi vyetu. Mtu aliyejipiga mwenyewe alisemwa amepiga "selfi", au kwa Kiswahili cha wazi, "amejipiga picha". Na picha inayowekwa kwa saa 24 kisha ikatoweka, ionwe na wale tu wenye namba ya mwenyewe, ikaitwa "statasi".

Ukiyapanga maneno haya utaona kwamba hayakuzuka ovyo. "Nitumie" na "nirushie" zina kiambishi cha mtendewa: kuna wewe unayetuma na kuna mimi ninayepokea. "Kuweka" haina mpokeaji aliyetajwa, ina mahali. "Kutupia" ina mahali na ina majivuno kidogo. "Statasi" iko kati ya kutuma na kuweka, kwa maana mahali pake pana mlango, na ufunguo ni namba ya simu. Wasemaji wa kawaida, bila kamati wala mkutano, walikuwa wamekwisha kutenganisha njia za picha kwa kufuata swali moja: ni nani atakayeiona?

6. Kushea, kushiriki, kugawana, kusambaza

Tatizo lilizuka pale wafasiri walipotaka neno moja la kusimama mahali pa "kushea". Tuyapime manne yaliyojitokeza.

"Kushiriki" limetumika katika baadhi ya tafsiri za programu. Lakini kushiriki ni kuwa mmoja wa watendaji: mtu hushiriki mkutano, hushiriki michezo. Kusema "shiriki picha hii" ni kumwambia msomaji aingie ndani ya picha. Umbo linalofaa ni la kusababisha, "kushirikisha", nalo hudai watu wawili: nakushirikisha picha hii. Hapo neno linakuwa zuri, kwa sababu linamkumbusha msemaji kwamba kuna mwenzake.

"Kugawana" kuna asili njema ya udugu, lakini kitu kinachogawanywa hupungua. Ukigawa ndizi tano kwa watoto watano, unabaki mikono mitupu. Picha haipungui kwa kutumwa, huongezeka. Sitiari hii basi inamdanganya mtumiaji, kwa maana inamficha hatari yenyewe.

"Kusambaza" ndilo lililoshinda katika lugha ya ofisi. Linaeleza kwa usahihi kitu kinachokwenda pande zote bila mtu wa kukizuia. Lakini lina historia. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, wananchi wamelisikia mara nyingi katika maonyo: acha kusambaza uongo, acha kusambaza picha za ajali, acha kusambaza picha za utupu. Nchini Kenya neno hilohilo limepata sifa nyingine, kwa kuwa kampuni ya simu ililifanya jina la huduma ya kumpa mwenzako salio; huko kusambaza ni ukarimu. Mfasiri anayeandika kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima hana budi kuijua tofauti hiyo. Kwa msomaji wa Kibondo, kumwambia bibi kwamba "anasambaza" picha ya mjukuu wake ni kumtia katika kundi la wakosaji wakati anatuma salamu.

"Kushea" lenyewe halina kosa katika mazungumzo, na hapana amri itakayoliondoa. Upungufu wake ni kwamba linafunika yote: kutuma, kuweka na kusambaza. Neno linalofunika yote hufaa sokoni lakini halifai mahakamani.

7. Fomu na ridhaa

Yote haya yana matokeo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeipa ridhaa ya mhusika uzito wa kisheria, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Aidha, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo swali la kitenzi kipi kiandikwe katika fomu haliishii katika ladha ya lugha. Ofisa wa wilaya, mwalimu anayepiga picha za wanafunzi siku ya mahafali, mfanyakazi wa shirika la misaada, wote huwapa watu karatasi za kutia saini, na mara nyingi anayetia saini hakusoma sana, au Kiswahili kwake ni lugha ya pili au ya tatu.

Chukua mfano wa sentensi ambayo yeyote kati yetu angeweza kuiandika: "Nakubali picha yangu itumike na kusambazwa." Mama wa Kiha anayeisikia atauliza: itumike kwa kazi gani, na isambazwe hadi wapi? Sentensi haijibu. Sasa ilinganishe na hii: "Nimekubali kupigwa picha. Nakubali picha hii itumwe kwa ofisi ya elimu ya wilaya. Sikubali iwekwe katika mtandao wa intaneti." Sentensi za pili ni ndefu zaidi, lakini kila kitenzi kina mpaka wake, na mama anaweza kukubali kimoja na kukataa kingine. Uwezo huo wa kukubali nusu na kukataa nusu ndio ridhaa. Fomu yenye kitenzi kimoja kinachofunika yote inamnyima uwezo huo hata kabla hajaishika kalamu.

8. Mapendekezo

Kutokana na historia tuliyoieleza, tunapendekeza kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali matumizi yafuatayo katika maandishi rasmi:

(a) kupiga picha: kubaki kuwa kitenzi cha msingi, na kuepuka "kuchukua picha".

(b) kupigwa picha: kutumika kila mara katika fomu za ridhaa, ili ieleweke wazi kwamba mtenda ni mwingine na kwamba mhusika anaulizwa.

(c) kujipiga picha: kwa tendo la mtu kujipiga mwenyewe; "selfi" ibaki kuwa jina la picha yenyewe.

(d) kutuma picha: kuipeleka kwa mtu au watu wanaotajwa. Mpokeaji atajwe.

(e) kuweka picha: kuiacha mahali ambapo wengine wanaweza kuitazama. Mahali patajwe, na itajwe kama pana mlango au hapana.

(f) kusambaza picha: kuipeleka, au kuiacha iende, kwa watu wasiohesabika. Neno hili lisitumike pale (d) au (e) inapotosha.

(g) kumshirikisha mtu picha: kwa mahali ambapo neno la jumla linahitajika, na daima kwa kumtaja mtu anayeshirikishwa.

(h) mhusika wa picha: mtu anayeonekana pichani, atenganishwe na mpiga picha na mmiliki wa picha.

Msomaji ataona kwamba katika orodha hii hapana neno hata moja lililoundwa upya. Kamati za istilahi zimefanya kazi kubwa ya kuunda maneno pale yalipokosekana, na baadhi yake, kama "tovuti", yamekaa vizuri. Lakini tumeshuhudia pia "tarakilishi" na "ngamizi" zikishindana huku Watanzania walio wengi wakisema "kompyuta". Funzo ni kwamba kabla ya kuunda, yafaa kwanza kusikiliza. Katika suala la picha, wasemaji walikwisha kufanya kazi. Lililobaki ni kuiandika ilivyo na kuifundisha.

9. Hitimisho

Tumeona jinsi sanamu ilivyoacha nafasi kwa picha, jinsi "piga" ilivyompa mtu wa kawaida nafasi ya mtenda katika picha yake mwenyewe, na jinsi orodha za kambi na magazeti ya mbali zilivyomwondolea nafasi hiyo. Simu imempa tena sehemu yake: mkazi wa Nyarugusu aliyejipiga picha akiwa amevaa nguo ya Jumapili, akaituma kwa dada yake ng'ambo, hakuwa "picha ya mkimbizi". Alikuwa mtu anayeeleza habari zake. Lakini simu hiyohiyo inaweza kuitoa picha yake mikononi mwake katika dakika moja.

Lugha peke yake haiwezi kuizuia picha isisafiri. Inaweza hata hivyo kumwezesha mwenye picha kusema kwa usahihi ni safari ipi aliyoiruhusu. Walimu wakiyafundisha maneno haya kwa tofauti zake, wafasiri wakiyaheshimu, na maofisa wakiyaandika katika fomu zao, basi mama wa Kasulu au wa Kibondo atakapotia saini, atajua anachokikubali.